Kutoka deraya ya Mulan hadi joho la Portia

Mpwa wangu ana miaka 11, na kile kijitabu chake kilichotolewa kutokana na filamu ya katuni ya Mulan ya mwaka 1998 kimechakaa. Ukurasa uliochakaa kuliko yote ni ule ambao msichana anakata nywele kwa upanga na kuvaa deraya ya baba yake, ili aende vitani akijifanya mwanamume. Kama na kwako yupo mtoto wa hivyo, usimpokonye ili umpe kitabu "cha maana". Anzia hapohapo.

Mwulize swali moja: alipovaa deraya, kilibadilika nini? Kisha nyamaza, umwache afikiri. Wangu alisema, "Yeye ni yuleyule, mama mdogo. Waliobadilika ni wanaomtazama." Nikainuka kwenda kuchukua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere.

Usianze ukurasa wa kwanza. Habari za mkopo msimulie kwa mdomo: Antonio ameshindwa kulipa, Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama walivyoandikiana. Halafu ingieni mahakamani, Portia, mke wa rafiki yake Antonio, anapotokea amejifanya mwanasheria kijana wa kiume, na mumewe aliyepo palepale asimtambue.

Sasa leteni nguo. Mvalishe mtoto shati la kiume, juu yake kanga, juu ya kanga koti. Tatu, wala usipunguze, kwa sababu Uingereza ya wakati wa Shakespeare wanawake hawakuigiza kwenye majukwaa ya umma. Walianza mwaka 1660. Portia aliigizwa na mvulana. Kwa hiyo watazamaji walimwona mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Mtoto asome mistari michache akiwa na koti, alivue, asome tena akiwa na kanga, kisha na shati peke yake. Kila mara mwulize: sasa anasema nani? Hapa msiwe na haraka. Sisi tulirudia mara nne, na mara ya mwisho alishusha sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Akiuliza watu wa zamani waliwaza nini, mwambie kwamba matabibu waliomfuata Galeni, tabibu Mgiriki wa kale, walifundisha kuwa mwanamke ana mwili wa baridi na unyevu, mwanamume wa joto na ukavu. Wasomi wa leo bado wanabishana fundisho hilo lilikuwa na nguvu kiasi gani. Mimi humwonyesha mtaa: mwaka 1620, Mfalme James aliagiza makasisi wa London wawakemee wanawake waliovaa kofia pana, wakakata nywele na kubeba majambia. Jukwaani koti la Portia lilipigiwa makofi, barabarani lilikemewa mahubirini.

Wala usimfiche kwamba mahakama hiyohiyo iliyosikia maneno ya Portia kuhusu huruma inamlazimisha Shylock, Myahudi, aiache dini yake. Mpwa wangu alikasirika, nami nikamwacha akasirike.

Mkimaliza, fungueni ramani mtafute Padua, mji ambako Portia anatuma mtu kuchukua mavazi ya sheria kwa binamu yake. Mwaka 1678 chuo kikuu cha mji huo kilimpa Elena Cornaro Piscopia, mwanamke wa Venisi, shahada ya udaktari wa falsafa. Alikuwa ametaka ya teolojia, askofu akakataa kwa kuwa ni mwanamke.

"Alijiita jina la kiume?" mpwa wangu aliuliza.

Hapana. Alivikwa pete na shada la majani kwa jina lake mwenyewe.