Tuunde ugwe wa mgongo kwa kamba ya katani, kisha tuupelekee damu

Nafundisha maafisa wa kliniki hapa Kisumu, na kila muhula nakutana na mwanafunzi yule yule. Amekesha akikariri majina ya ateri, mishipa inayopeleka damu mwilini. Asubuhi namuuliza: mgonjwa huyu hawezi kuinua miguu, hahisi sindano wala barafu, lakini akifumba macho anajua kidole gumba chake kimeinuliwa au kimeshushwa. Kwa nini? Mwanafunzi anatazama dari. Siku hizi namtuma sokoni Kibuye akanunue kamba.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Watu wengi husema "uti wa mgongo" wakimaanisha mfupa pamoja na kilichomo. Hapa uti ni mfupa wenye pingili, na ugwe ni ule uzi mnene wa neva unaopita ndani yake.

Tafuta kamba ya katani yenye unene wa kidole cha mwisho cha mkono, uzi wa sufu mwekundu na wa buluu, soksi ndefu ya mpira, kalamu ya wino na mkasi.

Hatua ya 1: Kata na upime

Kata sentimita 45. Mwambie mwenzako asimame, uiweke mgongoni mwake kuanzia chini ya kisogo. Wengi hushtuka: kamba inaishia juu ya kiuno! Ndivyo ilivyo. Kwa mtu mzima ugwe hukoma karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, kwa sababu mfupa uliendelea kurefuka ukauacha nyuma. Kwa mtoto mchanga hufika karibu na pingili ya 3. Ndiyo maana sindano ya kutoa maji ya mgongo kwa mtu mzima huingia chini ya pingili ya 3 au ya 4. Shika vilele vya mifupa ya nyonga pande zote mbili. Mstari unaoviunganisha hupita karibu na pingili ya 4.

Usijipime kwa mgongo wa mbuzi kutoka buchani. Ugwe wa mbuzi hushuka chini zaidi, na aliyejifunzia hapo hukosea mahali.

Hatua ya 2: Neva

Jozi ni 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, sakramu (mfupa ulio kati ya nyonga) 5, kitonoko 1. Pingili za shingo ni 7 ilhali neva ni 8, kwa kuwa ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza. Tia alama kwa kalamu, usijisumbue kufunga zote. Mwishoni funga nyuzi ndefu zinazoning'inia. Hiyo ni mizizi ya neva inayoshuka chini ya mwisho wa ugwe, iitwayo mkia wa farasi.

Hatua ya 3: Uso wa mkato

Kwenye karatasi chora ugwe uliokatwa kwa kupita: duara lenye kipepeo wa kijivu katikati. Mabawa ya mbele hutuma amri kwa misuli, ya nyuma hupokea hisia. Sehemu nyeupe iliyo nyuma kabisa, kati ya mabawa, hubeba habari za mtetemo na za mkao wa viungo. Ubavuni hushuka njia kuu ya kutembeza misuli. Mbele na ubavuni hupanda maumivu na joto. Sasa piga mstari ukitenga theluthi ya nyuma. Karatasi hiyo iache mezani.

Hatua ya 4: Uzi mwekundu

Hapa usiharakishe. Bandika uzi mmoja mbele, katikati, kuanzia juu mpaka chini. Hiyo ni ateri ya mbele. Huanza kwa matawi mawili ya ateri za vatebra, zinazopanda shingoni, yanayoungana karibu na tundu la chini ya fuvu, na hulisha theluthi mbili za mbele za ugwe. Nyuma bandika nyuzi mbili, kulia na kushoto. Hizo hugawana theluthi moja iliyobaki.

Umeona dhuluma iliyopo? Eneo kubwa lina bomba moja, eneo dogo lina mawili. Tena bomba hilo la mbele haliwezi kufikisha damu chini peke yake. Huongezewa njiani na matawi yanayoingia pamoja na mizizi ya neva, yale ya kifuani na kiunoni yakitoka kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni. Ongeza machache shingoni. Kisha funga moja nene upande wa kushoto, kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua, ulipandishe kidogo halafu ulikunje lishuke, kama pini ya nywele. Hiyo ni ateri ya Adamkiewicz, Mpolandi aliyeieleza mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa watu wengi huwa kushoto, ila si kwa wote.

Katikati ya kifua, pingili ya 4 hadi ya 8, uzi umebaki mtupu. Aliyepanga nyumba mwisho wa bomba anaelewa: presha ikipungua, mfereji wake ndio wa kwanza kukauka. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, au aliyefungiwa aota kwenye upasuaji, anaweza kuumia hapo.

Hatua ya 5: Soksi na buluu

Vuta soksi juu ya kamba na nyuzi zake. Hiyo ni dura, utando mgumu unaofunika ugwe. Matawi yapenyeze yatoke nje. Zungushia uzi wa buluu nje ya soksi. Hizo ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Hazina vali za kuzuia damu kurudi nyuma, damu yake huenda popote presha inapoisukuma, na saratani ya tezi dume huweza kupita humo hadi kwenye pingili.

Hatua ya 6: Kata bomba

Kata ateri ya mbele kwa mkasi, katikati ya kifua. Rudi kwenye karatasi, upake rangi theluthi mbili za mbele. Umefuta njia ya kutembeza miguu, umefuta maumivu na joto. Nyuzi mbili za nyuma bado nzima. Mfumbishe mwenzako macho, uinue kidole gumba cha mguu wake, umuulize kiko juu au chini.