SOMO: Kujua mwaka wa picha ya afisa wa Tsar (mfalme wa Urusi) kwa kuangalia koti lake

Wakuu, salaam. Kila mkiniletea picha ya kale ya afisa wa Urusi mnaanza na rangi: "koti lake lilikuwa la kijani." Rangi sahauni. Kijani kilichokoza kilivaliwa na askari wa miguu kuanzia enzi za Peter wa Kwanza hadi karibu na mwisho wa utawala wa kifalme, na picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Tuanze na vifungo.

Hatua ya 1: Kifua. Kama huoni kifungo hata kimoja, na upande mmoja wa koti umelalia mwingine kwa kulabu zilizofichwa ndani, uko kati ya 1882 na 1907. Hilo ni koti la Tsar Alexander wa Tatu. Alitaka vazi rahisi, lisilo na gharama, lenye sura ya Kirusi. Kulabu ina faida yake: askari wa akiba akirudi jeshini na kitambi, fundi anazisogeza tu. Maafisa waliozoea kumeremeta hawakulipenda kabisa. Pigo jingine likawa kwa wapanda farasi: mwaka huohuo wa 1882 vikosi vya kawaida vya husari na ulani, wapanda farasi wa sare za mapambo, vikageuzwa vyote kuwa dragoni, wapanda farasi wa sare ya kawaida, na mapambo yao yakaondoka.

Angalieni lakini: kanuni hii inakwenda upande mmoja. Kukosa vifungo kunakupa kipindi. Kuwa na vifungo hakukuambii kitu, maana koti jeupe la kiangazi lilikuwa navyo miaka hiyohiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumhakikishia mtu kwamba babu kwenye picha yake alipigana vita vya 1914, kisa nimeona safu mbili za vifungo. Kumbe mezani, pembeni ya mkono wake, palikuwa na kepi, ile kofia fupi yenye ukingo mbele.

Hatua ya 2: Kofia. Kepi ya mtindo wa Kifaransa ni ya 1862 hadi 1881. Ndiyo iliyoniumbua.

Hatua ya 3: Mabega. Nyota za cheo zilianza 1827 chini ya Nicholas wa Kwanza, zikiwa juu ya epoleti, yale mabega ya duara. Pogoni, yaani kibao bapa cha begani, maafisa walianza kuzivaa wakati wa Vita vya Crimea (1853–1856), kwenye koti kubwa la vitani, kwa sababu epoleti ziling'aa mno mbele ya adui. Hesabu kwanza mistari ya rangi inayopita katikati ya pogoni. Mmoja ni afisa wa ngazi ya chini hadi kapteni, miwili ni kuanzia meja hadi kanali. Jenerali hana mstari, ana mchoro wa kupinda-pinda.

Hatua ya 4: Medali. Ukiona medali yenye vichwa viwili vya wafalme vikiwa pamoja, hiyo ni ya miaka 300 ya ukoo wa Romanov. Picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1913.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, afisa wangu ana mstari mmoja na nyota tatu. Ni kapteni, sivyo?
Hapana. Macho yako yamezoea kapteni wa huku kwetu. Kwao nyota tatu na mstari mmoja ni luteni, *poruchik*. Nyota nne ni *shtabs-kapitan*. Kapteni kamili hana nyota hata moja, na kanali vilevile: mistari miwili mitupu. Pia, ukikuta mistari miwili na nyota mbili, huyo ni meja, na cheo hicho kilifutwa 1884.

Na michoro ya kabla ya kamera?
Tazama nywele. Miaka ya 1780 jemadari Potemkin aliwaondolea askari poda na mikia ya nywele, akaandika kwamba vazi la askari liwe hivi: akiamka tu, yuko tayari. Mwaka 1796 Paul wa Kwanza akarithi kiti na kurudisha yote kwa mtindo wa Prussia, dola ya Kijerumani: mafuta, unga, mkia uliosukwa. Jemadari Suvorov anasimuliwa kusema poda si baruti na yeye si Mjerumani. Mwaka 1797 akafukuzwa jeshini. Chini ya Alexander wa Kwanza mikia ikakatwa.

Khaki ilikuja lini?
Baada ya Urusi kupigwa na Japani. Mwaka 1904 askari walikwenda vitani Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na mashati meupe, wakaonekana toka mbali, wakaanza kuyatia rangi hukohuko. Sare rasmi ya vitani ya rangi hiyo ikafuata kuanzia 1907.

Picha yangu ina pogoni, lakini kofia ina nyota ya Kisovieti. Imeghushiwa?
Si lazima. Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka, walifuta vyeo na pogoni Desemba 1917, lakini Stalin akazirudisha Januari 1943. Geuza picha, usome nyuma.