Kabla ya Kulipia Nyumba ya Magogo

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya magogo, si ya nyumba. Kampuni za Marekani zinazouza nyumba hizi kwa seti hukuletea kwa lori magogo yaliyokatwa tayari, skrubu ndefu za kuyashikiza, vifaa vya kuziba mianya, na wakati mwingine madirisha na mbao za paa. Msingi, umeme, mabomba, kisima, shimo la maji taka na mitambo ya kupasha joto, hayo ni yako. Nyumba ikikamilika, si ajabu gharama ikafika mara mbili au tatu ya bei ya seti. Basi usitoe arubuni kabla mkandarasi hajaipitia orodha ya vilivyomo na kukuandikia visivyokuwemo. Uliza pia ni nani atakayeshusha mzigo. Mara nyingi foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, huitafuta mnunuzi mwenyewe.

Benki nayo ina mambo yake. Mthamini hutaka nyumba za aina hiyo zilizouzwa karibu ili alinganishe bei, na zisipokuwepo mkopo unaweza kukwama. Halafu kampuni hutaka fedha kabla ya mzigo kufika, ilhali benki hutoa kwa awamu, kadiri ujenzi unavyosonga. Bima watakuuliza kituo cha zimamoto kiko umbali gani.

Linalosahaulika zaidi ni ukavu wa magogo. Mti mbichi husinyaa ukikauka, hivyo ukuta wa magogo yaliyolazwa hushuka, pengine kwa sentimita kadhaa. Fundi anayeijua kazi huacha nafasi juu ya kila dirisha na mlango, akaificha kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Nguzo iliyosimama haifupiki kama ukuta, kwa hiyo huwekewa jeki ya skrubu, nawe unaishusha kidogo kidogo katika miaka ya mwanzo. Fundi wa kubahatisha hukaza fremu moja kwa moja kwenye magogo. Ukuta ukianza kushuka, magogo ya juu hukwama kwenye fremu na upepo ukapata njia.

Kuhusu baridi, usidanganywe na unene. Kwa hesabu za Idara ya Nishati ya Marekani, ukuta wa magogo ya inchi 6 una kinga ya joto ya R-8 na ushei (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite; ikiwa kubwa ndiyo bora), wakati ukuta wa kawaida wenye inchi 3.5 za sufi ya kuzuia baridi hufika R-14 hivi. Gogo hutunza joto la mchana likalitoa usiku, lakini Januari ya Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, joto hilo la mchana litoke wapi?

Kisha matunzo. Rangi ya kukinga mbao hurudiwa kila baada ya miaka michache, na nyufa zinazotazama juu huzibwa kwa kuwa hunasa maji. Zinazotazama chini hazina neno. Upenu uwe mpana, na kuni zisipangwe ukutani, maana huko ni kumkaribisha mchwa. Kama hupendi kupanda ngazi, tafuta nyumba ya aina nyingine.

Ukiwa bado unaitaka, katembelee moja yenye miaka kumi au zaidi, wakati wa baridi. Mwombe mwenyewe akuonyeshe bili za kupasha joto. Kisha, kwa ruhusa yake, dunga kwa bisibisi magogo ya chini, pale maji ya paa yanaporukia. Ikizama, muulize kubadilisha gogo moja kunagharimu kiasi gani.