Pima ukuta kabla ya kuandika andiko la maonyesho

Ukitaka kupeleka andiko la maonyesho, yaani ombi la kuonyesha kazi za sanaa, kwenye galari ya chuo kikuu, anza na futi kamba. Nimechelewa kulijua hili. Nenda ukapime kuta, kisha zichore kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho, kila kazi na kipande chake, uvipange kwenye ukuta uliouchora. Ukuta wa mita 10, picha zenye upana wa sentimita 80 na nafasi ya sentimita 40 kati yao, unabeba picha 8 tu. Mimi nilikuwa nimeorodhesha 15!

Faida kubwa si mchoro wenyewe. Ukilazimika kutoa kazi 7 ndipo unapojua maonyesho yako yanasema nini, na maelezo ya dhamira yanakuwa mafupi na makali. Kamati inayosoma maandiko nayo inaona kwamba umefika ukumbini, hukuandikia mezani tu. Weka mchoro ukurasa wa pili, usiufiche mwisho kwenye viambatisho.

Njia hii haifai kwa kazi za sauti au video, kwa sababu sauti haikai ndani ya mstari wa penseli. Kwa vinyago chora sakafu badala ya ukuta, na uache njia ya kiti cha magurudumu. Ramani ya zamani ya jengo usiiamini: swichi, feni na ubao wa matangazo huongezwa baadaye.