Jinsi ya kula Krismasi kwa utulivu Tramore, Ayalandi: hatua kwa hatua

Wadau habari za mwisho wa mwaka. Ndugu zetu walioko Dublin wameniuliza sana, wewe mwaka mzima unakimbizana na shifti, ikifika Krismasi unapotelea wapi? Naenda Tramore, mji mdogo wa pwani kaunti ya Waterford, kusini mashariki. Kwa Kiayalandi ni Trá Mhór, yaani ufukwe mkubwa, na kweli ni mkubwa, kama kilomita 5 za mchanga mtupu. Mimi nimekulia Tanga nalala nasikia bahari, sikukuu bila bahari kwangu haikai sawa. Nshaenda mara nne, haya ndo ninayofanya.

Hatua ya 1: fika tarehe 23
Treni kutoka Heuston, kituo cha treni cha Dublin, hadi Waterford ni masaa mawili na kitu, hapo unapanda basi la Tramore, si mbali. Usisubiri tarehe 24 jioni maana usafiri unakata mapema, na tarehe 25 hakuna treni wala basi nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Dublin unafungwa, tarehe 26 nayo ni ya kubahatisha.

Hatua ya 2: nyumba
Panga nyumba yenye jiko. Ukifika tu muulize mwenye nyumba hita ya maji inawashiwa wapi. Mwaka wa kwanza sikuuliza, nkaoga maji ya baridi siku mbili kumbe swichi iko ndani ya kabati la mataulo. Soketi ni za pini tatu kama za kwetu, adapta iache.

Hatua ya 3: manunuzi, maliza tarehe 24 kabla ya mchana
Kesho yake maduka yamefungwa na baa pia zimefungwa, hiyo ni sheria. Nunua blaa, ni mkate mdogo mweupe wa Waterford, laini, juu umenyunyiziwa unga mkavu unabaki vidoleni, jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2013. Ule siku hiyohiyo, kesho unakauka, wa kesho weka friza. Mimi naupasua natia samaki wa kukaanga na pilipili. Iliki na tui la kopo njoo navyo.

Hatua ya 4: mkesha
Jua linazama saa kumi na robo hivi. Washa mshumaa dirishani, ni desturi ya zamani ya huku, kuwaonyesha Mariamu na Yusufu kwamba hapa wanakaribishwa. Halafu toka, panda kilima hadi kanisa la Holy Cross, muda wa misa unabandikwa mlangoni. Njiani unaona dirisha baada ya dirisha mshumaa unawaka na mtaani hakuna gari, unasikia mawimbi tu kule chini. Mi nakuja kwa ajili ya hiyo nusu saa.

Hatua ya 5: asubuhi ya Krismasi, Guillamene
Hapa sikiliza vizuri. Guillamene ni kijighuba cha miamba chenye ngazi za kushukia majini, na watu wa mji wanaoga baharini siku ya Krismasi. Maji ni digrii 10 hivi. Usiruke. Shuka ngazi taratibu, jimwagie shingoni, pumzi itakukata kama dakika moja, subiri irudi ndo uache ngazi. Dakika mbili tatu zinatosha. Ukitoka usisimame kupiga picha, jikaushe, vaa juu kwanza na kofia ya sufu, chini jifunge kikoi ubadilishie humohumo. Chupa ya chai ya tangawizi iwe tayari. Bahari ikichafuka, au ukiwa na presha au moyo, baki juu uangalie. Chai hiyo mmiminie na jirani, umwambie Nollaig Shona, tamka "nolig hana", ndo heri ya Krismasi, hutakuwa mgeni tena. Kule juu, upande wa magharibi, utaona Metal Man, baharia wa chuma juu ya nguzo anayeonyesha kidole baharini. Alisimamishwa 1823 kuonya mabaharia, baada ya meli ya Sea Horse kuvunjika kwenye ghuba hii Januari 1816 ikiondoka na roho 363. Mi husimama kidogo nawaombea.

Hatua ya 6: matembezi ya ufukweni
Angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla hujatoka, bamvua ikijaa mchanga unabaki mwembamba sana. Anza maji yakiwa yanatoka. Upepo mwingi unatoka kusini magharibi, kwa hiyo ukielekea mashariki unakusukuma mgongoni unajiona hodari, kurudi ndo unakupiga usoni, basi geuka mapema bado una nguvu. Mwisho kule, Rinnashark, ziwa la nyuma ya matuta linapomwagikia baharini, mkondo ni mkali, usivuke hata ukiona kina ni cha magoti.

Tarehe 27 basi zinarudi, wengine wanaondoka. Mi nakaa hadi tarehe 31 ndo naondoka, sababu Januari 1 kuna mbio za farasi pale Tramore, mji unajaa.