Jinsi ya Kuamua Kama Utupe Jozi ya Malkia Ukingoni mwa Malipo

Anayeanza kucheza mashindano ya poka hufundishwa mapema kutupa karata mbovu, na somo hilo hulishika upesi. Linalomshinda, na lililonishinda mimi kwa miaka mingi, ni kutupa karata nzuri pale hesabu inapomtaka azitupe. Mwongozo huu unahusu uamuzi huo katika aina ya poka iitwayo Texas Holdemu, isiyo na kikomo cha dau, wakati mmebaki wachache na ni mmoja tu atakayeondoka mikono mitupu.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate. Mmebaki wanne, kila mmoja ana chipu 5,000, na zawadi ni tatu, yaani dola 500, dola 300 na dola 200. Mchezaji wa kwanza anasukuma chipu zake zote katikati ya meza, wa pili anatupa, kisha zamu inakufikia wewe. Unainua pembe za karata zako kwa kidole gumba na kumwona malkia wa kopa, na nyuma yake malkia wa shupaza.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujagawiwa

Jua kila mtu ana chipu ngapi, zawadi zimepangwaje, na blaindi, yaani dau la lazima linalowekwa kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, zitapanda lini. Kazi hii ifanye wakati mgawaji anachanganya karata, kwa sababu ukishawaona malkia wawili moyo hutaka kuitikia, yaani kuweka chipu sawa na za aliyesukuma, na hesabu inayofanywa moyo ukiwa umeshaamua huwa ni ya kutafuta kisingizio tu.

Hatua ya 2: Geuza chipu ziwe fedha

Hapa ndipo mashindano yanapoachana na mchezo wa fedha taslimu. Chipu hazina bei moja: chipu utakayoipata ina thamani ndogo kuliko ile utakayoipoteza. Njia ya kuipima tofauti hiyo wachezaji huiita ICM, kifupi cha Independent Chip Model. Mwaka 1973 David Harville alichapisha kanuni ya kukadiria mpangilio wa farasi katika mbio, na mwaka 1987 Mason Malmuth akaleta wazo la namna hiyo kwenye poka. Kanuni yenyewe ni nyepesi: uwezekano wa kushika nafasi ya kwanza ni sawa na sehemu yako ya chipu zote, na nafasi zinazofuata hukokotolewa vivyo hivyo baada ya kumwondoa aliyetangulia.

Katika mfano wetu, ukitupa mnabaki wanne mnaolingana, kwa hiyo fungu lako, yaani chipu zako zote, lina thamani ya dola 250, ambayo ni robo ya zawadi zote. Ukiitikia na kushinda, unakuwa na chipu 10,000 kati ya 20,000, mbele ya wawili wenye 5,000 kila mmoja. Uwezekano wako wa kuwa wa kwanza ni nusu, unaokupa dola 250. Wa kuwa wa pili ni theluthi moja, unaokupa dola 100. Na wa kuwa wa tatu ni sehemu moja ya sita, unaokupa takriban dola 33. Jumla ni dola 383. Chipu zimeongezeka maradufu, lakini fedha imeongezeka kwa dola 133 tu, nawe umehatarisha dola 250 ili kuipata.

Hatua ya 3: Tafuta asilimia unayohitaji

Gawanya 250 kwa 383 upate asilimia 65. Hicho ndicho kizingiti, yaani uwezekano wa kushinda unaouhitaji ili uitikie. Katika mchezo wa fedha taslimu karibu asilimia 50 ingetosha. Ikiwa wewe ndiye uliyeweka blaindi kubwa, kizingiti hushuka kwa pointi chache, kwa kuwa ukitupa unaiacha chipu iliyo yako tayari mezani.

Hatua ya 4: Kadiria wigo wa mpinzani, yaani karata zote anazoweza kuwa nazo

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo watu wanayojidanganyia. Usijiulize kama anaweza kuwa na jozi ya tisa. Jiulize ni karata zipi zote ambazo mtu huyu, akiwa na fungu hili, angezisukumia chipu zote. Wakati fulani niliitikia na malkia wawili dhidi ya mzee mmoja aliyekuwa ametupa karata kwa karibu saa nzima, akafunua wafalme wawili. Kosa langu halikuwa kushindwa. Lilikuwa kumpa wigo wa kijana mwenye pupa, ilhali ushahidi wa saa nzima ulikuwa mbele ya macho yangu.

Tuseme wa kwetu anasukuma jozi za kumi kwenda juu, pamoja na ree na mfalme. Malkia wako wanamshinda mwenye jozi ya kumi mara nne kati ya tano, wanamzidi kidogo mwenye ree na mfalme, na wanamshinda mwenye wafalme wawili au ree mbili chini ya mara moja kati ya tano. Ukipima kila jozi kwa idadi ya namna inavyoweza kugawiwa, unapata takriban asilimia 52.

Hatua ya 5: Linganisha, kisha tii

Asilimia 52 iko mbali na 65, kwa hiyo malkia wanatupwa. Dhidi ya wigo huohuo, wafalme wawili wana takriban asilimia 66, nao wanaitikia kwa shida, ilhali ree mbili zinaitikia bila swali. Mpinzani akipanua wigo hadi jozi za saba, ree na ghulamu, na mfalme na malkia, malkia wako wanafika asilimia 64 hivi, na hapo uamuzi ni wa kupima kwa nywele. Mimi bado hutupa, hasa mezani akiwepo mtu mwenye chipu za kulipia blaindi mbili tu.

Huyo mwenye fungu dogo ana uzito mkubwa, kwa sababu kila unapotupa unampa yeye nafasi ya kuondoka kabla yako. Kinyume chake, anayesukuma akiwa na chipu 1,000 tu hawezi kukuondoa, basi kizingiti hurudi karibu na nusu na malkia wanaitikia.

Hatua ya 6: Mashindano ya kuwania tiketi

Katika mashindano ambayo zawadi ni tiketi za kuingilia mashindano makubwa zaidi, zawadi zote hulingana, na hesabu hukaza zaidi. Chukua wachezaji 11 wenye chipu sawa wanaowania tiketi 10. Ukitupa, una takriban asilimia 91 ya tiketi. Ukiitikia na kushinda, unapata tiketi moja ileile na si zaidi. Ree mbili hushinda karata zozote zisizojulikana kwa asilimia 85 hivi, chini ya hiyo 91, kwa hiyo ikiwa aliyesukuma ana fungu sawa na lako, hata ree mbili zinatupwa. Zitupe zikiwa zimefunikwa, kwa mwendo uleule unaotupia karata mbovu kama saba na mbili, ili wanaokuzunguka wasijue kwamba unaweza kusukumwa kirahisi. Ila ikiwa blaindi zitakumaliza kabla ya wengine kuzifikia, tiketi yako bado haiko mkononi, na hapo ree ziitikie.