Kupima mwendo kwa vihisi vya mguuni: ninavyofanya hapa Chake Chake

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Asubuhi nina wagonjwa wa kiharusi na wa sukari, jioni vijana wa mpira walioteguka vifundo. Wote nawapima kwa vihisi viwili vidogo, kimoja kila mguu, ndani yake mna akselerometa (hupima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika) na gairoskopu (hupima mguu unavyogeuka). Zipo pia soli za kupima mgandamizo wa unyayo, na kwa mguu wa sukari zina faida kubwa, ila zinataka kiatu cha kufunga. Wagonjwa wangu wengi huja na kandambili.

Hatua ya 1: Alama. Kulia na kushoto zote zinaanza na K, kwa hiyo herufi haisaidii. Niliwahi kuvibadilisha bila kujua, nikampongeza kijana kwa mguu uliopona, kumbe ndio ule mbovu. Sasa cha kushoto nimekipaka rangi ya kucha, nyekundu.

Hatua ya 2: Kufunga. Kiweke juu ya mguu, pale zinapokaa kamba za kiatu, ukifunge kwa mkanda wa kubana. Kisukume kwa kidole. Kikicheza, kaza, maana kihisi hupima kinavyokwenda chenyewe, mguu hakiujui. Lakini mwenye sukari aliyeingia ganzi hatakwambia kwamba mkanda unamuumiza. Mkague ngozi kwa macho kabla na baada, na penye kidonda usifunge kitu.

Hatua ya 3: Kusimama tuli. Sekunde 10, bila kuongea, bila kujikuna. Wengi huiruka hatua hii, nami nikiletewa vipimo vya ajabu huanza kuulizia hapa. Programu inayosoma vihisi hupata urefu wa hatua kwa kujumlisha mchapuko mara mbili: kwanza ipate kasi, kisha umbali. Ikikosea mwinamo wa kihisi kwa digrii 1 tu, sehemu ndogo ya uvutano wa dunia huhesabiwa kuwa ni mwendo. Baada ya sekunde 1 kosa ni kama sentimita 8 na nusu. Ukiliacha sekunde 10 linafika mita 8 na zaidi, na mtu hajatoka alipo! Dawa yake ni kwamba kila unyayo unapotulia chini, programu huirudisha kasi kwenye sifuri na kuanza upya. Kule kusimama tuli ndiko kunakoifundisha utulivu wa mguu huu ukoje.

Hatua ya 4: Kutembea. Njia ya mita 10 iliyonyooka yatosha, iwe na nafasi ya ziada kila upande. Kwa kutembea, rekodi mara 100 kwa sekunde. Kwa kukimbia, 200 au zaidi. Mtu akijua anapimwa hutembea kama bwana harusi, basi mara ya kwanza siitumii.

"Mzee, tembea kama unavyokwenda msikitini."

"Msikitini nakwenda mbio, daktari. Kila siku nachelewa."

Nikamwambia aende kama anayerudi.

Hatua ya 5: Kusoma. Fungua grafu ya gairoskopu. Kila hatua ina mlima mmoja mkubwa, mguu ukiwa hewani, na bonde kila upande: la kabla ni kidole kuondoka chini, la baada ni kisigino kutua. Kihisi kikifungwa kinyume, mlima utakuwa shimo, usishtuke. Katika mwendo wa kawaida mguu hukaa chini kama asilimia 60 ya mzunguko, yaani tangu unapotua hadi utue tena. Mimi hulinganisha kulia na kushoto kwanza. Aliyepata kiharusi huharakisha kuuondoa mguu dhaifu na kuulemea ule mzima, na tofauti hiyo huonekana hata pale jicho linaposema anakwenda sawa. Zifute hatua mbili za mwanzo, mbili za mwisho, na za kugeuka.

Ufukweni. Vijana hupenda kupimiwa huko. Kwenye mchanga mkavu unyayo unaendelea kuzama hata ukishakanyaga, kwa hiyo ule utulivu wa hatua ya 3 haupatikani na urefu wa hatua unaharibika. Huko nasoma muda tu, yaani hatua ngapi kwa dakika na mguu umekaa chini kiasi gani. Urefu naupima uwanjani, kwenye ardhi ngumu.

Mkirudi, futa chumvi kwa kitambaa kibichi na ukaushe vizuri kabla ya kuchaji. Vile vichuma vya kuchajia huota kutu upesi.